Kompyuta ya ofisi inapogoma kwa ubovu wa diski: okoa hesabu kwanza, mashine baadaye

Saa mbili asubuhi lori lipo kwenye foleni ya Tunduma, dereva amekwisha piga simu mara mbili, na katika ofisi ya wakala kompyuta yenye ankara na orodha ya mizigo inaonyesha skrini nyeusi yenye mstari mmoja wa herufi nyeupe. Hali kama hii huwapata wafanyabiashara na wasafirishaji wengi, na mara nyingi chanzo chake ni diski kuu, yaani kifaa cha ndani kinachohifadhi Windows pamoja na mafaili yote ya ofisi. Mafundi wengi huiita hadi-diski.

Mashine yenyewe ina bei yake dukani na inanunulika. Kilichomo ndani yake ndicho kigumu kupatikana tena. Tamko la forodha hubaki katika mfumo wa mamlaka ya mapato, lakini ankara za muuzaji, orodha za mizigo, risiti za malipo, mikataba ya wenye magari na orodha ya wadeni mara nyingi huwa kwenye diski ya ofisi peke yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ofisa wa forodha anaweza kudai nyaraka za mzigo ndani ya miaka 5 tangu mzigo huo ulipoingizwa au kupelekwa nje. Anayekaguliwa akijibu kwamba kompyuta iliharibika, hajajibu kitu.

Hivyo kabla ya kugusa chochote, mwenye ofisi ajiulize swali moja: je, mafaili haya yapo mahali pengine? Kama yapo, fundi anaweza kujaribu lolote bila hofu. Kama hayapo, kila hatua ipimwe, kwa kuwa mambo mengi yanayofanywa haraka haraka ili kompyuta iwake ndiyo hayo hayo yanayoimaliza diski.

Haiwaki kwa namna gani?

Watu husema "kompyuta haiwaki" kwa matatizo mawili yasiyofanana. La kwanza ni mashine iliyokufa kabisa: hakuna taa, feni haizunguki, skrini haionyeshi kitu. Hapo kosa huwa kwenye umeme, chaja, pawa saplai au bodi kuu, na diski inaweza kuwa nzima kabisa. Hii ni habari njema kwa mwenye hesabu. Diski hutolewa, ikawekwa kwenye kasha la nje lenye waya wa USB, ikachomekwa kwenye kompyuta nyingine na mafaili yakasomwa humo. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na makasha hayo hupatikana katika maduka mengi ya kompyuta. Laptopu ambazo hifadhi yake imelehemiwa kwenye bodi kuu hazifai kwa njia hii, kwa kuwa hakuna cha kutoa.

La pili ni mashine inayowaka, ikaonyesha nembo ya kampuni iliyoitengeneza, kisha ikakwama. Ujumbe unaotokea ndio unaoongoza. "No bootable device" au "Operating system not found" maana yake kompyuta haikuona diski yoyote yenye mfumo wa kuanzia. "NTLDR is missing" hutokea kwenye mashine za zamani za Windows XP, na "BOOTMGR is missing" kwenye Windows 7 na zilizofuata; hapo diski kwa kawaida inaonekana, ila mafaili ya kuanzishia hayakupatikana. Ujumbe huo uandikwe kwenye karatasi au upigwe picha kwa simu kabla ya kuzima. Fundi anayeambiwa tu kwamba "imeandika kitu cha Kiingereza" anaanza kazi gizani.

Jambo la kwanza la kufanya halina gharama. Ondoa flashi, kadi ya kumbukumbu, CD na diski ya nje, kisha washa tena. Kompyuta nyingi hutafuta mfumo wa kuanzia kwenye flashi kabla ya kwenda kwenye diski ya ndani, na flashi iliyosahauliwa jana jioni baada ya kuchapisha hati inatosha kuisimamisha ofisi nzima asubuhi.

Likishindikana hilo, ingia kwenye BIOS, ile kurasa ya mipangilio inayofunguliwa kwa kubonyeza kitufe mara tu mashine inapowaka. Dell hutumia F2, HP hutumia F10 au Esc, nyingine Delete. Humo tazama mambo mawili: tarehe, na jina la diski.

Tarehe ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, betri ndogo ya bodi kuu imekwisha. Ni betri ya mviringo ya volti 3, aina ya CR2032, inayouzwa hata kwenye maduka ya saa. Betri hiyo ikiisha na umeme ukakatika, BIOS husahau mipangilio yake. Mpangilio wa namna ya kuzungumza na diski unaweza kubadilika, kutoka AHCI kwenda IDE au kwenda RAID, na Windows iliyozoea ule wa kwanza ikaonyesha skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B au maneno "Inaccessible boot device". Diski kadhaa zimefomatiwa bure kwa kosa hili, zikiwa nzima, wakati tiba ilikuwa betri mpya na kurudisha mpangilio ulivyokuwa.

Jina la diski lisipoonekana kabisa, kwenye kompyuta ya mezani shuku waya kwanza. Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, fungua kasha, kisha chomoa na uchomeke upya nyaya mbili za diski: ule mwembamba wa data na ule wa umeme. Vumbi, joto na mashine kuhamishwa hamishwa hulegeza viungio hivi. Waya wa data ukiwa na shaka, badilisha kwa mwingine au uhamishie kwenye tundu jingine la bodi kuu. Kwenye laptopu diski huteleza kutoka kwenye kiungio chake, hasa iliyosafiri kwenye gari njia mbaya.

Sikiliza kabla ya kujaribu tena

Diski ya kawaida ina sahani ngumu zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya kila uso wa sahani kuna kichwa kidogo cha kusomea kinachoelea kwa umbali wa nanomita chache tu. Punje ya vumbi ni kubwa kuliko nafasi hiyo. Kichwa kikigusa sahani inayozunguka, hukwangua ule utando wenye data, na kilichokwanguliwa hakirudi.

Kwa hiyo weka sikio karibu na mashine. Mlio wa "tik, tik, tik" unaojirudia kwa mpangilio ni dalili kwamba kichwa kinatafuta njia na hakiipati. Mlio wa kusaga ni mbaya zaidi. Mlio hafifu wa kuguna bila diski kuzunguka huonyesha kwamba mota imekwama au vichwa vimeganda kwenye sahani. Katika hali zote tatu zima kompyuta papo hapo, na usiiwashe tena kwa matumaini. Kila kuwasha ni mikwaruzo mipya, na diski ambayo asubuhi ingeweza kuokolewa karibu yote, jioni inaweza kuwa haina cha kuokoa.

Mitaani kuna tiba nyingi za diski ya namna hii. Kuiweka kwenye friza huleta unyevu juu ya sahani. Kuigonga huvunja kilichobaki. Kuifungua kifuniko mezani, feni ikipuliza na mlango ukiwa wazi kuelekea barabarani, ni kuimwagia vumbi. Kubadilisha bodi yake ndogo ya umeme kwa ile ya diski inayofanana kuliwahi kufaulu kwenye diski za zamani, lakini diski za miaka mingi sasa huhifadhi kwenye bodi hiyo vipimo vya diski moja tu, na bodi ya nyingine haizisomi mpaka kifaa kidogo cha kumbukumbu kihamishwe. Diski inayogonga ni kazi ya wataalamu wenye chumba kisicho na vumbi. Bei yao ni kubwa, na mwenye mali ndiye anayepaswa kupima kama hesabu za miaka mitatu zinastahili gharama hiyo.

Kompyuta mpya nyingi hutumia SSD, ambayo haina sahani wala kichwa. Haina mlio, na kwa hiyo haitoi onyo la masikio. Baadhi hubaki zikisomeka bila kukubali kuandikwa, nyingine hupotea kwenye BIOS kwa siku moja bila dalili. Kwenye SSD, faili lililofutwa nalo ni gumu kurudishwa, kwa kuwa Windows huiarifu diski kwamba nafasi hiyo iko wazi na diski huisafisha yenyewe.

Diski inaonekana na haipigi kelele

Hii ndiyo hali yenye matumaini, na ndiyo inayoharibiwa zaidi kwa pupa. Utaratibu salama ni kunakili mafaili kwanza, kisha kutengeneza.

Njia nyepesi ni kutoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine kwa kasha la USB. Windows ya kompyuta hiyo inaweza kuuliza kama ungependa kuifomati diski kabla ya kuitumia. Jibu ni kufuta swali hilo, kila mara. Vivyo hivyo ikiuliza kama ianzishe diski upya. Swali hilo maana yake Windows imeshindwa kusoma mpangilio wa diski. Haina maana kwamba diski ni tupu.

Njia nyingine ni kuandaa flashi yenye Linux, kama Ubuntu, kwenye kompyuta nzima, na kuianzisha mashine iliyogoma kwa flashi hiyo kwa kuchagua kujaribu bila kusakinisha. Ubuntu haihitaji diski ya ndani ili iwake. Ikishafunguka, mafaili ya diski iliyogoma huonekana kama folda za kawaida na yanaweza kunakiliwa kwenye diski ya nje.

Wengi hunakili folda ya nyaraka na zilizoko kwenye uso wa skrini, wakaridhika, kisha baada ya wiki wakagundua kwamba vitabu vya hesabu havimo. Programu za hesabu huweka data zake mahali pake. QuickBooks hutumia faili la kampuni lenye kiambishi .qbw, na nakala yake ya akiba huishia .qbb. Tally huweka data kwenye folda zenye majina ya namba. Barua pepe za Outlook mara nyingi zimo kwenye faili moja kubwa linaloishia .pst. Mafaili haya yatafutwe kwa majina kabla ya diski kuguswa kwa jambo jingine lolote. Baada ya kunakili, fungua mawili matatu kwenye kompyuta nyingine uone kama yanafunguka.

Kikwazo kipya cha miaka ya karibuni ni usimbaji wa BitLocker. Kompyuta nyingi za Windows 11 huuwasha zenyewe mwenyewe anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na watu wengi hawajui kwamba upo. Diski ya namna hii ikihamishiwa mashine nyingine hudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ile ile ya Microsoft iliyotumika kuianzisha kompyuta. Bila ufunguo, diski nzima kabisa haina tofauti na iliyovunjika, na hakuna fundi wa kuifungua. Ni vyema ukaandikwa leo kwenye daftari la ofisi na daftari likafungiwa kabatini.

Diski ikisomeka kwa shida, kunakili kukikwama kwa dakika nyingi kwenye faili moja, usiendelee kuilazimisha. Maeneo madogo ya diski yanayoitwa sekta yameanza kufa. Programu ya bure ya ddrescue inayotumika kwenye Linux imetengenezwa kwa hali hiyo: hunakili diski nzima kwenda diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi, ikianza na sehemu zinazosomeka kirahisi, na kuziachia za mwisho zile ngumu. Huandika pia ramani ya ilikofikia, ili umeme ukikatika saa tisa usiku kazi iendelee pale ilipoachia. Baada ya hapo kila jaribio la kutengeneza hufanywa kwenye ile nakala.

Chkdsk ndiyo amri ambayo mafundi wengi huikimbilia. Ni chombo kizuri kwa diski nzima ambayo mpangilio wake wa mafaili umevurugika, kwa mfano baada ya umeme kukatika ghafla. Kwenye diski inayokufa ni hatari. Ikitumwa kwa /r husoma uso mzima wa diski, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi na kuichosha zaidi, na inapotengeneza huandika mabadiliko juu ya diski hiyo hiyo. Matokeo yake yanaweza kuwa folda ya found.000 iliyojaa vipande vyenye majina kama FILE0000.CHK, badala ya ankara.

Kujua diski iko katika hali gani, kuna taarifa za SMART ambazo diski hujiandikia yenyewe. Programu ya CrystalDiskInfo huzionyesha kwa rangi: buluu ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Mistari ya kutazama ni namba 05, C5 na C6, zinazohesabu sekta zilizohamishwa, zinazosubiri na zisizosomeka. Diski ya ofisi ambayo C5 yake si sifuri isiaminiwe, hata kama leo imewaka vizuri.

Kurudisha Windows

Mafaili yakishakuwa mahali salama, na SMART ikionyesha diski ni nzima, sasa ni zamu ya mashine. Kwa Windows 10 na 11 andaa flashi ya kusakinishia, washa nayo, na badala ya kusakinisha chagua kutengeneza kompyuta, kisha utengenezaji wa kuanza. Isipofaulu, fungua dirisha la amri na utumie bootrec yenye /fixmbr, /fixboot na /rebuildbcd. Kwenye mashine mpya za UEFI, ambako /fixboot mara nyingi hukataa, amri ya bcdboot huandika upya mafaili ya kuanzishia. Kwa XP, amri ni fixmbr na fixboot kwenye dirisha la uokoaji la CD yake. Hata hivyo huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama ya XP ilikoma Aprili 2014, ya Windows 7 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025. Aliyelazimika kusakinisha upya hana sababu ya kurudi huko kama mashine yake inaruhusu toleo jipya.

SMART ikionyesha ubovu, nunua diski nyingine.

Kumpa fundi

Anayempelekea fundi diski isiyo na nakala aseme wazi, na ikiwezekana aandike kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya mashine: "Usifomati. Data inahitajika." Fundi wengi hufomati kwa nia njema kabisa, kwa sababu wateja wao wengi wanataka Windows iwake na basi. Mkubaliane mapema kama malipo ni ya kujaribu au ni ya kufaulu, na data itarudishwa kwenye diski ipi. Dhamana ya mtengenezaji nayo hubadilisha diski tu. Data haimo, na diski ya zamani kwa kawaida hairudi.

Diski ikipelekwa mji mwingine kwa basi ifungwe kwenye mfuko maalumu wa kuzuia umeme tuli, izungushiwe sponji au nguo pande zote, iwekwe kwenye boksi gumu na ikabidhiwe mtu. Ikiwekwa kwenye buti pamoja na magunia inaweza kufika ikiwa mbovu kuliko ilivyoondoka.

Kumbuka pia kwamba diski hiyo ina nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari: za mfumo wa forodha, za benki, za barua pepe. Zibadilishwe kwa kutumia kompyuta nyingine siku ile ile mashine inapotoka ofisini.

Umeme, barabara na nakala

Diski nyingi za ofisi za mipakani huuawa na umeme. Kukatika kwenyewe kunaweza kuikuta diski ikiandika, na kurudi kwa kishindo, au jenereta kuwashwa mashine zikiwa zimeachwa tayari, kunaweza kuunguza bodi yake. UPS ndogo inayotoa dakika kumi za kuhifadhi na kuzima inatosha. Msafirishaji anayetembea na laptopu kwenye kabini aizime kabisa kabla ya gari kuondoka, asiishie kufunga kifuniko, kwa kuwa laptopu iliyofungwa inaweza kuwa bado inafanya kazi.

Nakala ziwe angalau mbili, moja ikiwa nje ya ofisi. Diski ya nje inayobaki imechomekwa mwaka mzima si nakala ya kutegemea, kwani shoti ya umeme au kirusi kinachofunga mafaili kwa kudai fidia hukumba zote mbili kwa pamoja. Ichomekwe Ijumaa jioni, data ya hesabu na picha za hati zinakiliwe, ichomolewe, iende nyumbani.

Na diski ya zamani iliyotolewa isiuzwe pamoja na kompyuta chakavu. Hata isipowaka kwako, sahani zake bado zina bei za wateja wako na jina la kila muuzaji unayenunua kwake. Diski ya sahani hutobolewa kwa drili matundu kadhaa yanayopita sahani zote. Kwa SSD, vunja kila kijiwe cheusi kilicho kwenye bodi yake.